Baba na Dada kwenye Sinia la Mchanga

"Dada anakwenda kazini," alisoma. Kitabuni imeandikwa baba. Wenzake wakacheka, naye akakifunga kitabu taratibu, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Mwanafunzi wangu huyu alikuwa na miaka tisa, mwepesi wa hesabu za kichwa, na kwa kusimulia hadithi hakuwa na mpinzani. Ila b na d zilimchezea. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na dawa yangu ilikuwa moja: nakili neno mara ishirini. Alinakili. Kufika la kumi na mbili, baba amekwisha kuwa dada. Naona haya nikiikumbuka ile kalamu yangu nyekundu.

Mwalimu mmoja mkongwe akaniazima sinia lenye mchanga. Alinieleza habari za Anna Gillingham na daktari Samuel Orton, walioshughulika na watoto wa namna hii huko Marekani miaka ya 1930: jicho, sikio, mdomo na mkono vyote vifanye kazi kwa pamoja. Nilichosikia mimi ni mchanga. Hilo la "kwa pamoja" lilinipita.

Basi siku mbili mtoto akachora b mchangani, kimya. Herufi nzuri kweli. Akirudi kitabuni, dada.

Siku ya tatu tulibaki wawili baada ya masomo. Nikamwambia asichore bila kutoa sauti, tena sauti yenyewe, si jina la herufi. Si "be", bali ile b fupi inayopasuka. Kidole kikashuka: fimbo kwanza, kisha tumbo. "B... b..." Mara akaacha, akajigusa midomo.

"Mwalimu, hapa panafunga."

Akajaribu d, tumbo kwanza, fimbo ikafuata. Midomo ikabaki wazi, ulimi ukagonga nyuma ya meno. Akacheka peke yake. Hilo la midomo sikumfundisha mimi. Kusema kweli, nilikuwa sijawahi hata kuliwaza.

Nikafungua ukurasa uleule. Alipolifikia lile neno alinyamaza. Chini ya dawati kidole kilikuwa kinaandika juu ya paja. Midomo ikafumba, ikafumbuka.

"Baba," akasema. "Baba anakwenda kazini."

Kesho yake kwenye imla alikosa maneno manne kati ya kumi. Kalamu nyekundu niliiacha mezani, nikamsogezea sinia.