Safari ya Shangazi, Chake hadi London

Januari ile, nyumbani Chake Chake, Pemba, swali moja lilikuwa na majibu mawili, yote mabovu. Shangazi atakuwa njiani muda gani mpaka amfikie mwanawe London? Mmoja alitafuta kwenye simu umbali wa Unguja hadi London, kilomita 7,440 hivi, akagawa kwa kasi ya ndege, 850 kwa saa. Akapata saa tisa kasorobo. Mwingine akatazama tiketi: kuondoka Doha, Qatar, anakobadili ndege, 01:30, kufika London 06:00. "Mguu huo wa safari ni saa nne na nusu tu," akasema.

Kilomita 7,440 ni za mstari ulionyooka, unaopita juu ya Kenya, Sudan na Libya. Tiketi ya shangazi haikupita huko. Doha iko kaskazini mashariki yetu: unakwenda kama kilomita 3,750, halafu unageuka kaskazini magharibi kwa 5,240 nyingine. Jumla karibu 9,000.

Ile saa nne na nusu ilitokana na kutoa saa ya Doha kwenye saa ya London. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Doha na Zanzibar saa ni moja mwaka mzima, lakini London wakati wa baridi iko nyuma saa tatu, na kiangazi mbili. Mguu ule ni saa saba na nusu. Kurudi huwa haraka kidogo, maana upepo wa juu huko hutoka magharibi na kuisukuma ndege.

"Mwanangu, niandikie kwa saa zetu," alisema shangazi, na hiyo ndiyo njia bora kupita zote. Nikaandika: Chake saa 4 asubuhi. Unguja kuondoka saa 10 jioni. Doha kutua saa 3:35 usiku, kuondoka saa 7:30 usiku. London saa 3 asubuhi ya kwetu, kwao saa 12. Yaani saa 23, na angani ni kama 13 na nusu tu. Zilizobaki ni kungoja.

Pengo refu la Unguja tuliliacha kwa makusudi. Tiketi ya Pemba ilikatwa mbali na ile nyingine, na ndege ndogo ikichelewa, shirika la safari ndefu halikungoji wala halikurudishii nauli. Nikapigia mstari tarehe pia: 01:30 ya tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Wapo wanaokwenda kiwanjani usiku unaofuata, ndege imeshaondoka jana.

Mzigo ndio uliotusumbua. Ndege ndogo ile iliruhusu kilo 15, ile kubwa 30, basi ndoo ya halua na karafuu vilitangulia Unguja kwa boti.

Mwanawe aliambiwa amngoje kuanzia saa 4:30 za kwetu, si saa 3, kwa ajili ya foleni ya pasipoti na mizigo. Simu yao ikaingia karibu saa tano.