Ninavyochagua manukato kwa joto la Kigoma na mfuko wangu

Nikishika chupa dukani, kabla ya kuinusa naangalia mambo mawili: mililita na maneno madogo yaliyo chini ya jina. Pampu ya kawaida hutoa kama mililita 0.1 ukibonyeza mara moja, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo karibu 1,000, na ya mililita 30 ina karibu 300. Tuseme kubwa ni eau de toilette, aina nyepesi, ya shilingi 40,000, na ndogo ni eau de parfum, aina nzito zaidi, ya shilingi 21,000. Mpulizo mmoja wa kubwa ni shilingi 40, wa ndogo ni shilingi 70. Wengi huishia hapo na kuondoka na kubwa. Lakini ikiwa ile kubwa inataka mipulizo mitano asubuhi na mingine mitano saa nane mchana, na ndogo inamaliza siku kwa mipulizo mitatu, zote mbili zitaisha baada ya siku 100. Kwa siku zile zile, moja imekula 40,000 na nyingine 21,000. Ndiyo maana mimi nahesabu gharama ya siku, siyo ya chupa.

Maneno yale madogo yanaeleza kiasi cha mafuta ya harufu yaliyomo. Kinachobaki ni spiriti na maji kidogo. Kwa kawaida parfum au extrait huwa na asilimia 20 hadi 30, eau de parfum 15 hadi 20, eau de toilette 5 hadi 15, kolonya 2 hadi 4. Zile sprei za mwili za kopo ziko chini zaidi, hata zikijaza chumba ukizipuliza. Ichukulie hii kama mwongozo tu, maana kila mtengenezaji ana kipimo chake. Tena eau de toilette yenye miti na miski inaweza kudumu kuliko eau de parfum iliyojaa ndimu.

Sababu ni uzito wa harufu zenyewe. Ndimu, chungwa na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) ni nyepesi, zinaruka ndani ya nusu saa. Maua na viungo kama karafuu na hiliki hushika saa kadhaa. Sandali, miski, vanila, ambari na udi ndivyo vinavyobaki hadi jioni. Muuzaji anakunusisha ile nusu saa ya kwanza, wewe unakwenda kuishi na kilichobaki. Kwa hiyo sinunui siku ninayonusa. Napuliza, natoka dukani, naendelea na shughuli zangu.

Na mji wenyewe una neno lake. Kigoma iko kwenye mwinuko wa mita mia saba na kitu tu, kando ya Ziwa Tanganyika, na Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza vizuri joto linakaa mwilini. Joto linarusha manukato haraka, na jasho linayasambaza. Vanila nzito au udi mtamu uliokupendeza saa moja asubuhi, saa saba mchana ndani ya daladala ya Ujiji unamkaba abiria wa jirani. Mchana nachagua ndimu, majani mabichi, lavenda au maua mepesi, yawe yamekaa juu ya miski au mti mkavu ili yasipotee. Udi, ambari na vanila naziacha kwa harusi za usiku na miezi ya mvua.

Kujaribu kwenyewe kuna utaratibu. Anza na karatasi isiyo na harufu, upunguze chupa kumi zibaki tatu. Zile tatu ndizo ziende kwenye ngozi: moja kila kifundo cha mkono, ya tatu kwenye kikunjo cha kiwiko kimoja, ukipuliza kutoka umbali wa sentimita 15 hivi. Zaidi ya tatu pua inachanganya. Usisugue, acha pakauke penyewe, maana kusugua kunazitawanya zile harufu nyepesi kabla hujazisikia. Nusa baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, baada ya saa nne, halafu jioni kabla ya kuoga. Asubuhi hiyo oga kwa sabuni isiyo na marashi. Sabuni ya kipande ya mawese inafaa, mradi uisuuze vizuri. Usipake losheni yenye harufu, kwa sababu utakuwa unanusa vitu viwili ukadhani ni kimoja.

Pua ikichoka, nusa kiwiko chako kisichopulizwa au toka nje. Kikombe cha punje za kahawa kinachowekwa mezani katika maduka mengine hakizidi hewa ya kawaida. Halafu muulize mtu wa nyumbani kama bado anaisikia. Hili nalisisitiza, kwa sababu pua huzoea harufu iliyo karibu nayo, na kuna aina za miski ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa. Mtu anadhani imeisha, anaongeza, na kumbe ofisi nzima imeshaishiwa pumzi.

Sasa nije kwenye njia inayotuokoa wenye bajeti ndogo: pafyumu za kupima. Muuzaji ana chupa za alumini zenye mafuta makali ya harufu, anayavuta kwa bomba la sindano, anayaongezea spiriti kwenye kichupa chako. Ubora wa njia hii ni kwamba unanunua mililita 5 au 10 ukakaa nazo wiki nzima kabla ya kutoa hela ya chupa kubwa. Ila simama pale uone vipimo. Kwa kichupa cha mililita 30, mafuta mililita 6 na spiriti mililita 24 ni asilimia 20, sawa na eau de parfum nzito. Akikuwekea mafuta mililita 3, hiyo ni asilimia 10, na bei nayo ishuke.

Usidai mafuta yajae ukidhani ndiyo kupata faida. Yakipita theluthi ya chupa, pampu inaziba, kanzu nyeupe inapata madoa, na harufu inang'ang'ania ngozini bila kupanda hewani. Spiriti ndiyo inayoibeba.

Spiriti yenyewe iwe ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, iliyokusudiwa kwa vipodozi. Wanaojichanganyia nyumbani huchukua ile ya kusafishia vidonda ya asilimia 70, kisha wanashangaa chupa imekuwa na ukungu kama maji ya mchele. Ni yale maji asilimia 30 yaliyomo, mafuta hayayeyuki ndani yake. Spiriti ya rangi ya kuwashia majiko usiiguse kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa huweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu na hupenya kwenye ngozi. Ukishachanganyiwa, tikisa, funga, weka gizani wiki moja hadi mbili. Ule ukali wa spiriti wa siku ya kwanza unapungua na harufu inashikana. Ukitumia chupa ya zamani, isuuze kwa spiriti na ikauke, na pampu ibadilishwe, kwa sababu mrija na mpira wake hutunza harufu ya zamani kwa muda mrefu.

Kwa wasiotaka spiriti, hasa kwa ajili ya ibada, kuna mafuta matupu. Yapo ya tola, ambayo ni kama mililita 12, na vichupa vya gololi vya mililita 6 kama vya Al Rehab kutoka Saudi Arabia. Mguso mmoja nyuma ya sikio na kwenye vifundo unatosha, na unadumu. Hayatangazi mbali, na kwa joto letu naona hilo ni jambo jema. Ukiambiwa kichupa cha bei rahisi ni udi halisi, kataa bei ya udi halisi. Udi hutoka kwenye mti wa Akwilaria wa Asia, ambao hutoa utomvu huo ukishambuliwa na kuvu, na ni miongoni mwa malighafi ghali zaidi katika manukato. Cha bei rahisi kimetengenezwa maabara. Kinaweza kunukia vizuri sana, kilipie kwa thamani yake.

Angalizo kwa wanaotembea juani: mafuta ya asili ya ndimu na bergamoti yakiwa shingoni chini ya jua la mchana yanaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Yapake chini ya nguo.

Kuhusu feki. Nambari ya toleo iliyo kwenye boksi ilingane na iliyo chini ya chupa, nailoni iwe imekunjwa kwa unadhifu, kifuniko kikae wima, na pampu itoe ukungu laini badala ya mchirizi. Lakini waigaji nao wanajua kuchapa nambari, kwa hiyo jina kubwa la Ufaransa kwa bei ya soko la Mwanga hapa Kigoma nalikataa bila kulikagua. Kwa hela hiyo hiyo nachukua manukato ya Dubai yanayouzwa kwa jina lake lenyewe, kama Lattafa au Armaf. Mengi yanafuata njia ya harufu maarufu, na hayamdanganyi mtu kuhusu aliyeyatengeneza. Maandishi ya kike au ya kiume usiyape uzito. Waridi na udi Uarabuni huvaliwa na wote.

Ngozi kavu hula manukato. Baada ya kuoga paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu pale utakapopuliza, utaongeza saa kadhaa. Na kama umetoka Kibirizi kununua dagaa, osha mikono kwa ndimu na chumvi kwanza, maana manukato hayafuti shombo, yanachanganyika nalo.

Chumba cha bati mchana ni moto, na joto na mwanga ndivyo vinavyoharibu manukato kuliko umri wake. Chupa ikae ndani ya boksi lake, kabatini au kwenye sanduku chini ya kitanda, siyo dirishani wala bafuni. Ikianza kutoa harufu ya siki au ya rangi ya kucha, puliza kwenye karatasi usubiri dakika tano: ikiondoka, ni zile nyepesi za juu tu zilizochacha na bado inavalika, ikibaki, itumie kwenye mapazia.