Panga si kosa, ila angalia uko wapi nalo

Huku Nyanda za Juu Kusini ni vigumu kupata nyumba isiyo na panga. Lipo la kuni, lipo la kufyekea shambani, na mara nyingi kuna jingine kuukuu limechomekwa darini ambalo hakuna anayekumbuka lilinunuliwa lini. Ndiyo maana swali la "kutembea na panga ni kosa?" halijibiki kwa ndiyo au hapana. Hakuna sheria Tanzania inayomzuia mtu mzima kuwa na panga, shoka, nyengo au kisu cha jikoni, wala leseni yake haipo. Kinachoangaliwa ni uko nalo wapi, saa ngapi, umelishika vipi, na utaeleza nini ukiulizwa. Sehemu mbili tu hazifuati utaratibu huo: hifadhini na kwenye bunduki. Huko sheria inakuja na ukali wa aina yake, na huko ndiko watu wetu wengi wanakoumia.

Nitataja majina ya makosa zaidi kuliko namba za vifungu. Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limepanga sheria zetu upya, na anayetembea na namba alizokariri zamani anaweza kujichanganya mwenyewe mbele ya hakimu.

Tuanze na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ndani yake kuna kosa la kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu. Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe yote mawili, kwamba sababu haikuwepo na kwamba hofu ilikuwepo. Panga lililoviringishwa kwenye mfuko wa salfeti na kufungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli halimtishi mtu. Panga hilohilo likiwa uchi mkononi, katikati ya stendi, mwenyewe anabishana na makondakta, ni kesi tayari. Adhabu yake ni ile ya jumla ya makosa madogo, yaani kifungo kisichozidi miaka 2 au faini au vyote, na silaha yenyewe inaweza kutaifishwa. Ukisafiri na vifaa vya kazi kwa basi, vifunge makali, mpe konda viingie kwenye buti, usipande navyo juu kwenye kiti. Fundi atembee na vifaa vyake vikiwa pamoja kwenye begi: nyundo, msumeno, tindo na bisibisi vikikaa pamoja vinajieleza vyenyewe. Tindo na nondo peke yake, saa nane za usiku, nyuma ya maduka ya watu, zinaangukia kosa jingine kabisa, la kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba.

Mchukue mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kule Iringa. Msimu wa mvua anatoka alfajiri na kisu kikali kama wembe, anachonga vichipukizi vya mianzi, anatega mbeta, yaani vyombo vya mwanzi vya kukingia, jioni anarudi kuchonga tena. Njiani hakuna wa kumgusa, hata askari akimkuta. Lakini kisu hichohicho kikiwa kiunoni saa tatu usiku kilabuni, katikati ya watu waliokwisha kukolea, sababu halali imebaki shambani. Na akikichomoa akamwambia mwenzake "nitakuua", hapo kuna kosa la kutishia kuua kwa maneno hata kama hakumgusa.

Kubwa kuliko yote kwenye sheria hii ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Vijana hawaamini wakiambiwa. Ukiiba kitu chochote ukiwa na silaha ya hatari, na wakati huo, muda mfupi kabla au mara baada ya hapo ukatumia nguvu au kumtishia mtu ili ukipate au ukibakize, kifungo cha chini kabisa ni miaka 30. Hakimu hawezi kukupa 10 kwa sababu ni kosa lako la kwanza au kwa sababu simu ilikuwa ya elfu thelathini. Silaha si lazima iwe bastola. Panga, rungu, nondo, hata jiwe, vyote vimewahi kumfikisha mtu gerezani kwa kosa hili. Hati ya mashtaka nayo ina masharti yake: inatakiwa itaje ni nani aliyetishiwa au kupigwa. Isipomtaja, wakili anayejua kazi yake analianza shauri hapo, na wapo walioachiwa kwenye rufaa kwa kasoro hiyo tu.

Vijijini kuna ngazi nyingine, sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaruhusiwa kisheria kutunga sheria ndogo zake, na vijiji vingi hutumia nafasi hiyo kuzuia mapanga, mikuki na marungu kwenye vilabu vya pombe, minadani na kwenye mikutano. Mimi naziunga mkono, hasa za minadani, maana mnada wa ng'ombe wenye pombe pembeni hauhitaji mkuki. Tatizo ni utaratibu. Rasimu inapaswa ijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Isipoidhinishwa haina nguvu, hata kama muhtasari wake umejaa sahihi na mihuri ya kijiji. Kwa hiyo ukitozwa faini kwa kubeba sime mnadani, omba uone nakala iliyoidhinishwa na udai stakabadhi ya serikali. Faini ya kuandikwa kwenye daftari la mtendaji peke yake, bila stakabadhi, haijulikani inakokwenda. Na sungusungu au mgambo wakikukamata, kazi yao inaishia kukufikisha kwa mtendaji au polisi. Viboko vya papo hapo si sehemu ya sheria yoyote ndogo.

Sasa hifadhini. Kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, mtu akikutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, ni yeye anayetakiwa kumridhisha afisa kwamba silaha hiyo haikuwa ya kuwinda, kuua, kujeruhi au kukamata mnyama. Panga moja na kisu kimoja vinatosha kabisa kuwa silaha. Yaani kile ambacho nje ya kigingi cha mpaka kilikuwa kifaa cha shamba, hatua chache ndani mzigo wa kukieleza umehamia kwako. Mapori ya akiba, kama Mpanga-Kipengere, nayo yana katazo linalofanana na hilo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kwa watu wa Mbarali hili si la vitabuni. Bonde la Usangu liliingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, mipaka ikarekebishwa tena mwaka 2023, na shamba ambalo babu alililima bila wasiwasi linaweza leo kuwa upande usioutarajia. Usitegemee kumbukumbu ya mti au mfereji. Nenda ofisi ya kijiji ukaonyeshwe vigingi, ikiwezekana pamoja na mtu wa ardhi wa wilaya. Kule Kitulo, Makete, kosa la kawaida ni jingine: watu wanaona ni hifadhi ya maua, haina tembo, basi panga haliwezi kuwa shida. Sheria ni ileile, na anayeingia na panga lake kuchimba chikande, mizizi ya okidi inayoliwa, anajipa makosa mawili kwa safari moja.

Ng'ombe akivuka kigingi, usimfuate na panga. Rudi, mwambie mwenyekiti, mpeleke taarifa kituo cha askari wa hifadhi, kisha muingie pamoja. Mrina asali anayepita mpakani aache panga nje au awe na kibali mkononi, si nyumbani. Na usikae na nyaya za mtego kwenye mfuko mmoja na kisu ukasema ni za kufungia uzio, hakuna atakayekusikiliza. Mara nyingi mashtaka yanakuja kwa kufuatana: kuingia bila kibali, kukutwa na silaha, na ikipatikana nyama au ngozi, kukutwa na nyara za serikali. Hilo la mwisho ndilo linalobadilisha maisha, maana miaka huanzia 20.

Ukikamatwa utapewa hati ya ukamataji usaini. Isome. Angalia eneo lililoandikwa, idadi ya vitu, na kama kuna kitu ambacho hukuwa nacho. Kama husomi, omba usomewe mbele ya shahidi. Sahihi au dole gumba lako mahakamani linachukuliwa kwamba vitu hivyo ulikutwa navyo, na kukana baadaye ni kazi ngumu.

Bunduki haina mjadala wa "sababu halali". Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasema bila leseni huruhusiwi, basi. Anayeomba awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu na sababu inayoeleweka ya kuhitaji silaha. Ombi linaanzia serikali ya kijiji au mtaa, linapita kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kamati ya wilaya, kamanda wa mkoa, mpaka kwa msajili wa silaha. Barua inakwama zaidi ngazi ya chini kuliko juu. Kamati ya kata inakujua, inajua ugomvi wako wa mpaka na jirani, inajua unavyokunywa. Ukipata silaha, itunze kwenye kabati la chuma lililofungwa, risasi usiziache ovyo, na ufunguo usikae juu ya mlango ambapo kila mtoto anapajua.

Magobore ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko bastola. Huku kwetu, kuanzia Chunya hadi pembezoni mwa Ruaha, gobore limekaa kwenye nyumba kama urithi, na wengi wanalihesabu kama kifaa cha kufukuzia nguruwe pori na ngedere. Kisheria ni silaha ya moto, liwe limetengenezwa na mhunzi wa kijijini au kiwandani. Na kumiliki silaha bila leseni kunashtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambako kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Mzee aliyelinda mahindi yake anasimama kizimbani kwa kosa la uhujumu uchumi, na familia haielewi imefikaje hapo. Wachimbaji wadogo wa Chunya wana cha ziada: baruti za kupasulia miamba zina sheria yake na vibali vyake, na kuziweka chini ya kitanda gesti ni hatari hata kabla hujakutana na polisi.

Mara nyingi silaha haramu kwenye familia huzaliwa siku ya msiba. Baba alikuwa na leseni halali, amefariki, bunduki imebaki chumbani. Leseni ilikuwa yake, haiwahamii watoto wala mjane. Msiigawe kwenye kikao cha ukoo, na asiichukue kijana mkubwa "kwa muda". Ipelekwe kituo cha polisi pamoja na risasi zote, leseni na cheti cha kifo, mpewe hati ya makabidhiano, kisha atakayetaka kuimiliki aanze ombi lake mwenyewe kutoka ngazi ya kijiji. Kwa yasiyo na karatasi kabisa, Wizara ya Mambo ya Ndani imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2023. Ndani ya kipindi hicho unakabidhi polisi au ofisi ya serikali za mitaa bila kushtakiwa. Usilibebe begani ukakatiza nalo sokoni: toa taarifa kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, mwende pamoja mchana.

Kwa watoto, sheria inaanza na umri. Chini ya miaka 10 mtoto hawajibiki kwa jinai kabisa. Chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe alijua analofanya ni kosa. Chini ya 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gereza, hata shitaka likiwa lile la miaka 30. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumwagiza mzazi alipe fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho ya Irambo, ambayo iko hapahapa Mbeya. Mahabusu ya watoto nayo ipo Mbeya, hivyo kijana wa Makete au Mufindi anaweza kujikuta mbali na kwao kwa miezi.

Shuleni hatari inatengenezwa na sisi wakubwa. Tunawaambia watoto Ijumaa waje na mapanga na mafyekeo ya usafi, halafu tunashangaa ugomvi wa njiani ukiisha kwa mshono. Mapanga yabebwe na wakubwa, makali yafungwe, mwalimu wa zamu ayapokee na kuyahesabu asubuhi, yafungiwe stoo, yarudishwe wakati wa kuondoka. Kisu kikikutwa kwenye begi siku isiyo na kazi, mwite mzazi kwanza. Polisi wanakuja pale mtu alipotishiwa au kujeruhiwa. Manati si kosa kuwa nayo, ila kioo cha basi kikivunjika mwenye basi hatauliza ilikusudiwa ndege gani.

Mtoto akikamatwa, mzazi wa kwanza kufika kituoni aende na cheti cha kuzaliwa. Kama hakuna, kadi ya kliniki, na kama hiyo imepotea, mzazi mwenyewe aeleze umri, maana maneno ya mzazi yanapokelewa. Miaka 18 ikishaandikwa kwenye maelezo ya polisi kwa kukadiria kimo, kesi inaanza upande wa watu wazima na kuirudisha kunachukua muda. Mwite pia afisa ustawi wa jamii wa wilaya mapema, kwa sababu taarifa yake ya uchunguzi ndiyo mahakama inayoisoma kabla ya kuamua mtoto akae wapi, na ikichelewa, mtoto anabaki mahabusu akiisubiri.