Hizo volti 0.7 zinazosemwa kuhusu daiodi

Kijana ninayemfundisha ufundi wa redio katika karakana yangu, hapa Kisumu karibu na soko la Kibuye, alinijia juzi akiwa ameshika daiodi, yaani kijisehemu cha saketi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya aina ya 1N4148, na swali lake lilinifurahisha mno. "Fundi, ulisema daiodi ya silikoni hufunguka ikipata volti 0.7. Mbona mita inasoma 0.6 na umeme unapita?" Nilikiri kwamba mita ilisema kweli, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kwa mkato, kama nilivyofundishwa mwenyewe.

Tuliiunganisha daiodi hiyo na betri ya volti 12 kupitia rezista, kijisehemu cha kuubana mkondo, ya kilo-omu 100, kisha ya 10, kisha ya 1, ili mkondo uwe takriban miliampea 0.1, 1 na 10. Volti kwenye daiodi zilikuwa karibu 0.5, 0.6 na 0.7. Mkondo ulikuwa umeongezeka mara mia, ilhali volti zilipanda kwa 0.2 tu. Hakuna mahali ambapo kitu kilifunguka, 0.7 ni namba tunayoipata kwa sababu mikondo tunayoitumia kila siku huangukia hapo.

Ndani ya daiodi, upande mmoja wa kipande cha silikoni hutiwa boroni, nao huwa na matundu yanayongoja elektroni. Upande wa pili hutiwa fosforasi, nao huwa na elektroni za ziada. Pande hizo zinapokutana mpakani, elektroni kadhaa huvuka na kujaza matundu, na chaji zinazobaki nyuma hujenga kilima cha umeme kinachozizuia nyingine. Volti za mwelekeo wa kupitisha hukishusha kilima hicho. Kwa kuwa joto huzipa elektroni nguvu zisizolingana, ni chache tu zinazoweza kukipanda, lakini kila kinaposhuka kidogo, idadi ya zinazoweza huzidishwa. Mwanafizikia Mmarekani William Shockley aliliandika jambo hili kwa hesabu mwaka 1949: katika joto la kawaida la chumba, takriban milivolti 60 hutosha kuuzidisha mkondo mara kumi. Daiodi yetu ilihitaji zaidi kwa sababu baadhi ya elektroni na matundu hukutana na kumalizana njiani, mle mle mpakani.

Joto lenyewe linaonekana kwa mita. Kijana aliibana daiodi kwa vidole, na usomaji ukaanza kushuka mbele ya macho yetu, kwani mkondo usipobadilika, volti hupungua kwa takriban milivolti 2 kwa kila digrii. Ndiyo maana sipendi kuunganisha daiodi mbili sambamba ili zigawane mzigo: iliyopata joto zaidi huvuta mkondo mkubwa zaidi, ikazidi kuchemka.

Ukiigeuza daiodi, kilima hupanda, na kinachopita ni mkondo hafifu wa nanoampea chache, usiojali sana volti ulizoweka, hadi volti hizo zifikie kikomo cha daiodi, ambapo mkondo hufurika. Kikomo hicho nilikijua kwa hasara. Zamani niliweka 1N4001, inayostahimili volti 50, mahali pa 1N4007, inayostahimili 1000, katika saketi yenye daiodi moja na kapasita iliyochukua umeme wa nyumbani wa volti 240. Kilele cha umeme huo hukaribia volti 340, na mkondo unapogeuka, kapasita bado imeshika chaji yake, hivyo daiodi hubeba karibu volti 680 kinyume. Ilipasuka mara tu nilipowasha swichi. Daiodi ya zena hutengenezwa ifanye kazi papo hapo penye kikomo, mradi rezista iubane mkondo.

Jioni kijana alichora vipimo vyake kwenye karatasi ya miraba, kila mara kumi ya mkondo ikichukua mraba mmoja, na nukta zake tatu zikalala karibu kabisa katika mstari ulionyooka. Ameniomba nimtafutie daiodi ya jerimaniamu kutoka kwenye redio kuukuu, aone mstari wake utaanzia wapi.