Supu ya Garden City

Hii ilikuwa Februari 2018, nilikuwa naendesha lori la friza Marekani na dispacha, yule anayewapangia madereva mizigo, akanituma Garden City, Kansas nikachukue nyama. Magharibi mwa Kansas ni tambarare mpaka macho yanachoka, upepo hauna pa kugonga, na kabla hujauona mji pua inakutana na ng'ombe kwanza, maana wako maelfu kwenye mazizi ya wazi wakinenepeshwa. Nimefika saa nane mchana, getini wananiambia mzigo bado, kasubiri tutakupigia. Nikaenda kupaki kituo cha mafuta, nikampigia dada yangu Morogoro, yeye ni nesi na alikuwa zamu ya usiku, tumeongea weee, nakata simu nasikia mtu nyuma yangu, "Mukubwa, uko mutu ya Tanzania?"

Kijana wa Uvira, Kongo, huyo, amekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, ndo katoka shifti ya kukata nyama. Nikamwambia nina njaa na baga zimenishinda. Akasema panda gari, twende kwa mama Mvietnam.

Njiani ananisimulia kwamba kiwanda kikubwa cha pale kilifunguliwa mwaka 1980, na Wavietnam waliokimbia baada ya vita walikuwa kati ya watu walioenda kushika visu humo, halafu miaka ikaenda wakaja Wasomali, Waburma, sasa na wao Wakongo. Mgahawa wenyewe ulikuwa chumba kimoja tu pembeni ya duka la kufulia nguo, meza zina vitambaa vya plastiki, karibu na kaunta kuna kimadhabahu kina machungwa na udi unawaka.

Bakuli lilivyokuja sikulishika kwanza. Mimi kwetu Matombo, milima ya Uluguru, nimekua karafuu zinaanikwa kwenye mkeka mlangoni, na ule mvuke ulikuwa na karafuu, na mdalasini, na tangawizi iliyobabuliwa motoni, juu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka usiku kucha. Ndani kuna tambi nyeupe za mchele, utumbo, na kano zimelainika kabisa kama makongoro ya asubuhi pale stendi ya Msamvu. Pembeni ndimu na pilipili mbichi, sawa, hizo nazijua, lakini wameweka na rundo la majani ya rehani! Rehani mimi naijua ya kwenye kikuba na asumini, sikuwahi kufikiria kuila. Nikaikatakata nikatia, na kusema kweli tangu siku hiyo nyumbani kwangu supu ya mifupa haipikwi bila rehani.

Juu kulikuwa na vipande vyembamba vya nyama mbichi, nikawa navikwepa. Mama mwenyewe, mtu mzima sana, akatoka jikoni, akachukua vijiti vyangu bila kusema neno akazamisha vile vipande vya nyama chini ya mchuzi, vikabadilika rangi pale pale. Kiingereza chake kidogo, cha yule kijana pia kidogo, lakini walikuwa wanaelewana kuliko mimi nilivyowaelewa. Akakaa nasi. Akanyoosha mkono wa kulia, kidole cha kati kimejikunja hakifunguki, akakifungua kwa mkono wa kushoto, kikalia ka! Akasema miaka kumi na tisa, kisu. Yule kijana hakujibu, na yeye akaweka mkono wake mezani, chake ni kidole cha pete, akasema hiki kimeanza mwaka jana, asubuhi lazima nikitumbukize kwenye maji moto ndo kifunguke. Alikuwa na miaka 26. Mama akakishika kile kidole akawa anakikanda taratibu na kidole gumba, kuanzia kiganjani kwenda juu, huku anamwonyesha kwa ishara afanye hivyo kila usiku, na mimi hapo supu inapoa mbele yangu.

Saa tatu usiku ndo wakanipigia mzigo tayari. Mama akakataa hela ya bakuli la pili, akanifungia mchuzi mbali na tambi mbali. Nikauchemsha alfajiri kwenye maikrowevu ya kituo cha malori pale Salina, nikanywa wote. Barabara ile yote karibu imenyooka, hakuna kazi kwenye usukani, na usiku mzima nilikuwa nafunga vidole vyangu nafungua, nafunga nafungua.