Siku moja maabarani: dawa ikichelewa saa mbili

Saa 1:30 asubuhi. Kazi ya kupima kama dawa bado huzuia kirusi cha chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, hata ikichelewa, huanzia kwenye hadubini. Seli za Vero, zenye asili ya figo ya tumbili, zilipandwa jana kwenye sahani za vishimo 24, na sasa ziwe zimeshikana kama vigae. Kishimo chenye mapengo hakitumiki, maana baadaye pengo litasomwa kama kazi ya kirusi. Seli hizi haziwezi kutengeneza interferoni, ile mbiu ya kuwaonya majirani, ndiyo maana chikungunya humea humo bila kipingamizi.

Saa 3. Kirusi kinaingia. Kishimo kina seli kama 200,000, nasi tunataka virusi 5 kwa kila seli ili karibu zote ziambukizwe kwa mpigo. Akiba ina virusi milioni 20 kwa mililita, hivyo mikrolita 50 zinatosha, pamoja na 150 za maji ya lishe ya seli. Sahani huinamishwa huku na huku kila dakika 15. Ukisahau, katikati panakauka na seli zinakufa kwa ukavu.

Saa 4, kuosha mara tatu. Kirusi kitakachobaki nje kitahesabiwa kana kwamba kimezaliwa leo.

Dawa ni mbili, klorokwini na favipiraviri, na huwekwa kwa zamu: vishimo vingine saa 3 pamoja na kirusi (dawa inarudishwa baada ya kuosha), vingine saa 5, saa 7, saa 9. Vingine hupata dawa bila kirusi, na hivi visirukwe hata siku moja: seli iliyolemewa na sumu haizalishi virusi, na sumu ikaonekana tiba.

Kirusi humezwa na seli ndani ya kifuko, na tindikali ya kifuko ndiyo inayokifungulia mlango. Klorokwini hupunguza tindikali hiyo, kwa hiyo ya saa 3 husaidia sana, ilhali ya saa 5 hukuta kirusi kimeshapita. Favipiraviri huvuruga unakili wa RNA, yaani maagizo ya urithi ya kirusi, hatua inayofuata, hivyo bado ina la kufanya. Mlipuko wa chikungunya uliopiga Lamu mwaka 2004 ulipofika kisiwa cha Réunion, klorokwini ilijaribiwa kwa wagonjwa na haikuwafaa. Kwenye sahani dawa hutangulia. Mgonjwa hufika homa imeshapanda. Hadi leo hupewa parasetamoli na vinywaji kwa wingi, na aspirini haiguswi mpaka dengi iondolewe shaka.

Saa 11 jioni tunavuna majimaji ya vishimoni ili tuhesabu virusi vipya vilivyomo. Seli bado zimelala vizuri, kumbe protini ya kirusi, nsP2, imeshaingia kwenye kiini na kuangamiza kimeng'enya kinachosoma DNA. Seli haiwezi tena kutoa maagizo yake. Kesho itanywea, itatoa malengelenge, itabanduka: imejiua, kwa vimeng'enya vyake yenyewe viitwavyo kaspesi. Dawa ikija wakati huo huwakinga majirani tu.

Saa 12:30, kuzimua mara kumi kumi: mikrolita 100 ndani ya 900, ncha mpya ya pipeti kila hatua, la sivyo ncha hubeba virusi na hesabu inavimba. Kisha mikrolita 200 juu ya seli mpya, saa nzima, na kufunikwa kwa uji mzito wa selulosi ili kirusi kisiogelee mbali. Kila kimoja kitoboe tundu lake.

Saa 2:30 usiku inkubeta inafungwa, nyuzi 37. Baada ya siku mbili au tatu, formalini ya kugandisha seli na rangi ya zambarau ili matundu yaonekane. Matundu 42 kwenye mzimuo wa 1 kwa 100,000, kutoka mikrolita 200 ambazo ni sehemu ya tano ya mililita, ni virusi milioni 21 kwa mililita.