Siku moja ya fundi umeme wa Kizota, na fo wili iliyogoma

Saa 12 asubuhi. Upepo wa Julai hapa Dodoma hauulizi umevaa nini. Navaa ovaroli juu ya sweta, chai ya rangi na kiporo cha viazi, kisha bodaboda hadi Kizota. Mimi ni fundi umeme wa magari. Gereji yetu ni mwarobaini na mabati matatu. Gereji kama hizi watu wanaziita bubu, ingawa ukifika ni kelele tupu.

Saa 1 hadi saa 3: stata ya daladala, honi ya bajaji, taa za breki za kirikuu. Hayo hayana hadithi.

Saa 3 na robo likaingia. Gari la Kijapani, jeupe, dizeli, limeinuka. Aina yake siitaji, mwenyewe anasoma. Akashuka mzee mmoja, shati limenyooka kwa pasi.

"Fundi, fo wili haiingii. Transfa imekufa, nimeshaambiwa. Nimepata nyingine ya mtumba. Wewe kazi yako waya tu."

Fo wili ni pale injini inaposukuma matairi yote manne, na transfa ni boksi la gia linalopeleka nguvu hiyo mbele. Jumamosi alikwama kwenye korongo upande wa Mvumi. Matairi ya nyuma yanachimba mchanga, ya mbele yametulia kama yako msibani. Akavutwa na maksai, tena vijana wa pale wakamtoza kwanza ndipo wakafunga kamba. Nadhani hilo lilimuuma kuliko transfa.

Nikamwomba asinunue kitu kwanza. Akakubali, akavuta kigoda, akakaa nyuma ya bega langu. Hapo ndipo siku yangu ilipoharibikia.

Tukaliinua gari lote kwenye stendi nne, dogo akawasha, akaweka fo wili na gia namba moja. Nikachungulia. Propela ya mbele, ile shafti inayotoka kwenye transfa, inazunguka vizuri kabisa, matairi ya mbele hayaendi. Nikamwita mzee aone. Transfa ikiwa imekufa, propela ile ingezungushwa na nani?

Gari la namna hii, ukivuta gia ya fo wili umefanya nusu ya kazi. Ekseli ya mbele ya upande mmoja imekatwa katikati, ili ukiwa kwenye lami difu, zile gia zinazogawa mzunguko kulia na kushoto, isizunguke bure. Kuna kola ya chuma inayoteleza kuunganisha vile vipande viwili, na inavutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa: inatoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alteneta, inapita kwenye solenoidi mbili, vali ndogo za umeme, inashuka kwa mipira myembamba hadi chini. Kola isipoingia, difu inapeleka mzunguko wote kwenye kile kipande kisichoshika kitu, na taa ya dashibodi inapepesa tu. Yake ilikuwa inapepesa tangu asubuhi.

Fyuzi nzima. Moto unafika kwenye solenoidi, eathi ipo, zote mbili zinalia "ta" ukiweka gia. Hapo mzee akampigia shemeji yake wa Dar, akaweka spika. Shemeji akasema ni kompyuta. Nikaendelea. Shemeji akasema basi ni sensa. Kisha ikaja video, jamaa wa Australia anafungua difu nzima, na mzee ananisogezea simu mbele ya uso wakati testa nimeiuma mdomoni. "Mbona wewe hufungui kitu?"

Hilo swali nimelisikia miaka yote ya kazi hii. Fundi injini akipakaa oili hadi viwikoni, mteja anaona hela yake inafanya kazi. Mimi nikilala chini ya dashibodi, anaona nimelala.

Saa 7 ikapita. Nilipokumbuka kula, wali kwa mama ntilie ulikuwa umeisha, nikala ugali wa mlenda nimesimama, na mzee kasimama pembeni.

Nina bomba la sindano kubwa la duka la dawa. Nalichomeka kwenye mpira, navuta. Mpira mzima unalirudisha bomba ukiachia. Mpira wa kwanza ukashika. Wa pili ukawa mgumu kupita kiasi, kama umezibwa. Nikaufuata kwa vidole, juu ya gia boksi kusikofika mwanga, mkono umekwama hadi kwenye kiwiko, vumbi linanimwagikia machoni. Nikagusa chuma. Skrubu ya bati. Mtu aliukata mpira, akauziba kwa skrubu, akaubana na waya.

"Mzee wangu, breki ziliwahi kuwa ngumu?"

Akanyamaza. "Mwaka jana. Kuna kijana alizitengeneza kwa dakika kumi."

Basi ndiye. Mpira ulipasuka, vakyumu ikawa inavuja, na breki za gari lile zinakunywa vakyumu hiyohiyo. Fundi maiko akaziba, pedali ikalainika, akalipwa. Fo wili ikafia palepale, mzee hajui hadi korongo lilipomwambia.

Mpira mpya mita moja na nusu, elfu sita. Kuupitisha kulinimaliza mgongo. Jua linazama tukalipeleka kwenye mchanga upande wa Nkuhungu. Mita chache, taa ikaacha kupepesa, ikatulia. Gari likapanda ukingo bila hata kuguna. Nikamwonyesha namna ya kuitoa, nikamwambia mara mbili: kwenye lami usiiweke, tairi la mbele na la nyuma hazikati kona sawa, utavunja vyuma.

Halafu hesabu. "Mpira elfu sita, ufundi elfu sitini? Na hukufungua kitu?" Sikuwa na nguvu ya kubishana. Akatoa thelathini, nyingine atatuma kwa simu.

Nimefika nyumbani giza, nimeoga, bado nanuka dizeli. Nikiwa nasinzia simu ikalia. Nikadhani ni hela.

"Fundi, ile taa bado imetulia, haipepesi. Ndiyo sawa?"

"Uko wapi mzee?"

"Barabara kuu, nakaribia Ihumwa."

"Itoe, mzee. Uko kwenye lami."